Mkuyu Nyuma ya Jiko

Siku hizo, katika milima ya Upare, mti ulioruhusiwa kuota ulikuwa mmoja tu: mkaratusi, mali ya Kampuni ya ng'ambo. Mikaratusi ilikwisha kuzinywa chemchemi zote, na maji yakawa ya kuletwa kwa lori, ndoo mbili kwa kila nyumba. Aliyekutwa na mche wa aina nyingine alikatiwa maji.

Kwa hiyo Namsifu alipoona mkuyu, mti wa penye maji, umechipua nyuma ya jiko lake, aliufunika kwa kapu bovu, asimwambie mtu, hata mumewe. Kila asubuhi aliuchungulia. Ulikuwa umemfika magotini siku mkaguzi alipokuja. Mkaguzi mwenyewe alikuwa Elinaza, mtoto wa kaka yake, amevaa sare ya Kampuni.

"Shangazi, nimeuona," alisema kwa sauti ya chini. "Ung'oe mwenyewe. Nikiung'oa mimi, itabidi niandike."

"Mti huu umewakosea nini, mwanangu?"

Elinaza hakuinua macho. "Watoto watakunywa nini, Shangazi?"

Namsifu alipiga magoti, akauvuta kwa mikono miwili. Mizizi ilitoka na udongo mweusi, wa baridi, unaochuruzika maji. Binti yake Niendiwe, mwenye miaka saba, alichutama akatia kidole shimoni, kisha akakitoa upesi.

"Mama, nani amemwaga maji yetu hapa?" aliuliza kwa hofu.

Namsifu alichungulia, akaona maji yakipanda taratibu kutoka chini. Akaanza kulifukia shimo, na Elinaza akainama kumsaidia.