Kichupa cha Saba

Kinyozi alibeba mkojo wa baba yake kifuani, ndani ya koti, kama abebaye yai linalokaribia kuanguliwa. Alipokutana na wateja wake njiani aliwasalimia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa kazini.

Hicho kilikuwa kichupa cha saba. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alikuwa fundi bomba miaka arobaini, na maradhi kwa ufidhuli wake yakamchagulia bomba lake mwenyewe: saratani ya kibofu. Uvimbe ulikwanguliwa, kibofu kikaoshwa kwa dawa wiki sita, kisha akaambiwa kilichobaki ni kuchunguliwa kila miezi mitatu. Maana saratani hii ni mgeni aliyesahau fimbo yake. Leo ameaga, kesho hodi.

Kuchungulia kwenyewe ni kwa mrija wenye kamera, na njia unayopita mrija huo haitajwi mbele ya wakwe. Spana aliuvumilia mara moja tu. Alipotoka alisema ameingiza waya kwenye mabomba ya watu maisha yake yote, na sasa anayaomba radhi moja moja. Hakurudi tena.

Kinyozi alibembeleza, akanuna, akamtuma shangazi mwenye mdomo. Wapi. Mwishowe daktari alikubali shingo upande: basi uletwe mkojo, zitafutwe seli za saratani kwa darubini. Hautoshi, alionya, ila heri nusu shari kuliko shari kamili.

Tangu hapo mambo yalikwenda vile vile. Kinyozi alifika asubuhi, mama yake akamtolea kichupa kimeviringishwa kitambaa, kingali na joto. Spana alikuwa mezani akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani, wala hakigeukii. Mtu aliyetumbukiza mikono kwenye vyoo vya nusu ya mji alikuwa anayaonea haya maji yake mwenyewe! Kinyozi alimstahi, akameza utani wake.

"Wahi, mwanangu," mama alimwambia safari hii. "Baba yako asikae roho juu."

Mara sita nesi wa dirishani alikuwa amempa karatasi: hakuna kilichoonekana. Mara sita Spana hakuisoma. Aliipeleka moja kwa moja kwa shangazi, ili anyamaze.

Mara ya saba, Kinyozi alipofuata majibu siku ya Alhamisi, nesi hakupitisha kitu dirishani. Alimfungulia mlango.

Daktari aliongea taratibu. Seli zimeonekana, nyingi, na za ile aina kali. Mzee aje kesho kwa kamera, asisikilizwe porojo zake. Kinyozi aliuliza kama labda wamekosea. Daktari akasema na wao walitamani hivyo, ndiyo maana walipima mara mbili.

Alirudi kwa miguu. Mikono iliyozoea kutuliza watoto wanaolilia wembe haikujua ishike nini. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaitia tena. Alipita mbele ya duka lake, wateja wawili wakamwita, hakusikia. Angemfunga mzee kamba. Angemtia mgongoni. Miezi yote hiyo, mwana gani hukubali kubeba kichupa badala ya kumbeba baba? Lakini sasa hata angebeba mlima, kilichoonekana kimeonekana.

Spana alikuwa peke yake sebuleni, anafungua mfereji mkongwe wa jirani uliomshinda kila fundi. Mama alikuwa uani, anaanua nguo.

Kinyozi alisema yote kwa mkupuo, bila kumeza mate. Kesho wanakwenda kwenye kamera, hata kama ni kwa kubebwa juu juu.

Alingoja matusi, maana baba yake hakuwahi kuyaweka akiba. Hayakuja. Mzee aliweka mfereji chini, akageukia dirisha la uani.

"Hawakuchanganya na cha mtu mwingine?"

"Kilikuwa na jina lako, baba. Wamepima mara mbili."

"Na wewe njiani? Hukukiweka mahali?"

"Hakikutoka kifuani kwangu."

Mzee aliinuka nusu. Alirudi kitini polepole, macho yakiwa bado uani, kwa mwanamke aliyekuwa akikunja shuka peke yake.

"Sikuwahi kujaza hata kimoja," alisema. "Niliogopa majibu, mwanangu. Nilikuwa namwomba mama yako anijazie."