Mpira wa Macho

Filimbi ililia kwa mara ya tatu jioni ile, na kwa mara ya tatu Lengai akaganda katikati ya uwanja wa kikapu wa Kaloleni, mpira mkononi. Wenzake wanne wakampita mbio kama hawakusikia kitu. Kocha Arnold hakumkemea. Alimtazama kwa muda, kisha akageuza uso kuelekea Mlima Meru.

Hakuna mtu aliyepuliza filimbi pale. Kocha Arnold hakuwa nayo kabisa. Tangu aichukue timu, miezi miwili sasa, alifundisha kwa mikono tu: ngumi juu, rudini; vidole viwili, kimbieni. "Nataka mpira wa macho," aliwaambia siku ya pili. "Hata refa, mtazameni mikono."

Kocha wa zamani, mzee Sadoki, alikuwa mtu wa filimbi. Akipuliza mnasimama, mnajipanga, ndipo mnashambulia polepole. Lengai aliijua filimbi ile kuliko mtu yeyote. Sadoki alikuwa baba yake, na Lengai mwenyewe ndiye aliyemvika filimbi hiyo shingoni kabla jeneza halijafungwa, kule nyumbani Terrat.

Kwa hiyo hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba msiba umempanda kichwani? Wangempumzisha, na Jumamosi ilikuwa fainali dhidi ya vijana wa Moshi. Aliogopa kuikosa mechi ile, na aliogopa zaidi kwamba anarukwa na akili.

Ijumaa alijikaza akamwuliza Daniel, rafiki yake tangu shule ya msingi.

"Oya Dani, hivi wewe huwa unasikia kitu hapa uwanjani?"

Daniel aliendelea kufunga kamba za viatu. Ilibidi Lengai amguse bega.

"Unasemaje?"

"Basi, achana nayo."

Siku hizi wote walikuwa hivyo. Hata kocha, ukimwamkia shikamoo akiwa amekupa mgongo, haitikii. Lengai alijua maana yake: wameshamchoka na kusimamasimama kwake.

Jumamosi, zikiwa zimebaki sekunde nane na wako nyuma kwa pointi moja, mpira ukamfikia Lengai. Kocha akainua vidole viwili. Hapo hapo filimbi ikalia, ndefu, karibu kabisa na sikio lake. Miguu ikataka kutii.

"Niache, baba," akasema, machozi yakimlengalenga. Akakimbia. Akaruka chini ya kikapu, akafunga.

Mashabiki walivamia uwanja, wakambeba juu juu. Yeye alikuwa anasikiliza. Filimbi ilikuwa imekatika ghafla, na haikurudi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kichwa chake kutulia, na furaha aliyoisikia ilimtia hata aibu kidogo.

Watu walipotawanyika, aliwaendea wenzake pale benchi akicheka.

"Kocha, nimepona."

Kocha Arnold akamwashiria asubiri. Akaingiza kidole sikioni, akachomoa donge la pamba, halafu la sikio la pili. Nyuma yake Daniel na wengine nao walikuwa wanachomoa za kwao. Wakabaki wametega masikio, wote, kwa muda mrefu.

"Amenyamaza," kocha akasema taratibu. "Sisi tulishindwa kumvumilia. Wewe tulikuachia umsikie, maana ni baba yako."