Kamba ya Fahali

Tusajigwe aliwaona wazee wakimwendea mchumba wake, ambaye alikuwa ameshika kamba ya fahali wake wa pekee.

Fahali huyo alikuwa apelekwe kesho kwa kina Tusajigwe, awe mahari. Asipofika, kulikuwa na mzee mmoja wa Uyole ambaye ng'ombe wake walikuwa tayari, na baba yake Tusajigwe alikwisha kuchoka kungoja.

Lakini alfajiri ile baba wa kijana huyo mchumba alikuwa amefariki kwa kikohozi alichorudi nacho kutoka migodini, na mwanamume hazikwi bila ng'ombe kuchinjwa.

"Baba yako awaendee wazee wetu waliotangulia mikono mitupu," alisema baba mdogo wa kijana, "ili wewe ulale na mke?"

Wenzake wakaguna. Fahali alikuwa akilamba jasho kwenye mkono wa pili wa kijana, taratibu, kama ndama. Ndipo kijana akainua macho, akamtafuta Tusajigwe kati ya wanawake waliokuwa wakilia.

Tusajigwe alijua kwamba akitikisa kichwa kukataa, kamba ile haitaachiwa. Alijua pia kwamba wazee watawalaani, na laana ya msibani hurithiwa na watoto.

Akainamisha kichwa, kukubali.

Kiganja kilichoshika kamba kikafunguka.

"Wewe binti," shangazi wa kijana akamwita, akimnyooshea kisu, "kakate majani ya mgomba ya kuwekea nyama. Chagua mapana."

Tusajigwe akaenda, akachagua mapana.