Upinde wa Waya Mmoja

Je, umewahi kumwona mtu akikosa haki yake kwa ajili ya adabu yake?

Zamda ndiye aliyewafundisha wanafunzi wa kapoeira, mchezo wa mapigano na muziki kutoka Brazili, wa mji ule kuanguka bila kuumia, na kupitisha mguu juu ya kichwa cha mwenzao bila kumgusa. Kilichobaki ni kukabidhiwa upinde, ile ala ya waya mmoja na kibuyu inayoongoza mchezo. Anayekabidhiwa ndiye mwalimu. Bila ruhusa yake haingii mtu duarani kucheza.

Siku Mwalimu Shekue alipostaafu, wote wamevaa nyeupe iliyopigwa pasi, aliukabidhi kwa Kombo, mmoja wa wanafunzi hao.

"Haya Zamda, tupigie makofi. Yako matamu!" akasema Mwalimu.

Watu wakacheka.

"Mwalimu, Kombo nimemfundisha mimi."

"Najua, mwanangu. Lakini yeye aliniomba. Wewe hujaomba hata siku moja."

"Si ulitwambia upinde hauombwi, hupewa anayestahili?"

Mzee akajikuna kidevu. "Nilisema hivyo?"

Kombo alikwisha anza kugonga waya. Wanafunzi wawili wakachuchumaa mbele yake, lakini macho yao kwa Zamda, wakingoja awaruhusu.

"Nilikuwa nautaka, Mwalimu," Zamda akasema, mikono imelala mapajani. "Nilikuwa nautaka sana."