Upole wa Ndugu Opoku

Maji ya kuoshea samaki yalimpata Opoku kifuani, kwenye shati lake jeupe la kanisani, naye akainua mikono akasema, "Bwana asifiwe."

"Aa, mkwe wangu, kumbe umekaa hapo!" alisema mama mkwe, Mama Pokuaa, beseni tupu mkononi. Akasimama kidogo, akingoja. "Huna la kuniambia?"

"Nimekusamehe, Mama."

Mama Pokuaa akaguna, akarudi jikoni.

Opoku alikuwa amekuja Mampong kumrudisha mkewe, Serwaa. Tangu atakaswe kwenye mkutano wa Pasaka, nyumba yake kule Kumasi ilikuwa imetulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Hakunywa tena, hakucheza ngoma kwenye matanga, hakubishana na mtu. Alimwita mkewe "dada katika Bwana", na alimwambia ukweli mtupu juu ya kila kitu, hata juu ya vilemba vyake. Mwezi haukuisha, Serwaa akafunga virago akarudi kwao. "Siwezi kulala nyumba moja na mtu nisiyemjua," ndilo neno alilomwachia.

Mchungaji alimfafanulia. "Haamini kwamba umezaliwa upya. Nenda, ndugu yangu. Wakwe watakupima. Vumilia, na mke utampata."

Na Opoku alimpenda mkewe kufa. Tangu aondoke alikuwa akila mkate mkavu na kulilowesha zulia la maombi kwa machozi. Basi akaapa kuvumilia.

Mzee Nsiah, mjomba wa Serwaa, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo, akamwekea bao la drafti. Zamani wawili hawa wakicheza, majirani walikuja na viti vyao kusikiliza ubishi. Mzee akasogeza kete mbili kwa mpigo, mchana kweupe, macho makavu.

"Umeona nilivyocheza?"

"Nimeona, Mjomba. Umeiba."

"Ehe!" Mzee akainama mbele. "Sasa utanifanya nini?"

"Nitakuombea."

Mzee Nsiah akalitupia jicho pazia la chumba cha ndani. Halikutikisika. Akakohoa, akaanza upya.

"Marehemu baba yako, ngoma alicheza kama beberu anayevuka mtaro."

"Sote tu mavumbi, Mjomba."

Kikaja chakula, fufu na mchuzi wa mawese. "Kapika Serwaa mwenyewe," alisema Mama Pokuaa, akasimama pale pale, mikono kiunoni. Chumvi iliyokuwa mle ingetosha kukausha samaki wa soko zima. Opoku akameza, machozi yakamlenga.

"Vipi?"

"Chumvi imezidi, Mama. Ila nashukuru."

"Si ndiwe uliyekuwa ukiusifu mchuzi wake mpaka wake za watu wakanuna?"

"Wakati ule nilikuwa mwongo, Mama."

Nyuma ya pazia mtu akapenga kamasi.

Ilikuwa Jumamosi, na mtaa wa pili kulikuwa na matanga. Bendi ikaanza kupiga. Opoku huyu zamani alialikwa hata na wafiwa wasiomjua, ili acheze tu, watu wapate pumzi. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kikaanza kudonoa sakafu, polepole, peke yake.

Pazia likafunguka kidogo. Mama Pokuaa akatoka jikoni na mwiko wake. Mzee Nsiah akashika kiti chake kwa mikono miwili.

Opoku akakiona kidole. Akakikanyaga kwa kisigino cha mguu wa pili, akakigandamiza hasa, akafumba macho na kuimba pambio la toba mpaka bendi ikapumzika.

Alipofumbua macho, furaha ilimjaa tele. Jaribu hata moja halikumwangusha! Akasimama, shati likimnuka samaki, akasema kwa unyenyekevu, "Mjomba, mmenipima na mmeona. Naomba mke wangu."

Mzee Nsiah akanyanyuka kwa kuegemea goti. Akavua ndara zake, kama aletaye habari ya msiba, akaenda hadi kwenye pazia.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, "tumepiga hodi kila mlango. Mumeo hayumo."

Ndani, Serwaa akaangua kilio cha mjane, na Mama Pokuaa akaenda kabatini kumtafutia nguo nyeusi.