Kifaa Nilichokifungia Ijumaa

Ijumaa nilikifungia mtandao kifaa kimoja hapa zahanati ya Kiseke. Hakikuwa na jina, na kila dakika kilikuwa kinatuma kitu. Mimi ndiye ninayesimamia kompyuta; mtandao ukizubaa, nasemwa mimi. Nilijua ni simu ya mtu anayeangalia filamu kazini.

Leo Jumatatu mtandao bado unajikokota. Hasira zikanipanda. Nikataka kuijua aina ya simu ya huyo mwizi, nimseme mbele ya wenzake. Kila kifaa kina anwani yake, na herufi na tarakimu sita za mwanzo humtaja aliyekitengeneza. Nikaziandika kwenye tovuti ya kutafutia. Duara likazunguka, likazunguka, mpaka nikaipiga meza kofi.

Jina likatokea. Halikuwa la simu. Kampuni ile hutengeneza vipimajoto vya friji za chanjo, vile vinavyomtumia nesi ujumbe joto likizidi.

Jumamosi umeme ulikatika, ukarudi Jumapili jioni.

Nilikimbia hadi chumba cha chanjo. Sista Kashindye alikuwa anafuta paja la mtoto kwa pamba, taratibu, mahali pamoja, mpaka ngozi ikang'aa.

"Sista, ile friji..." nilisema nikihema.

"Friji siku hizi imetulia, kaka," alijibu bila kuinua macho. "Tangu Ijumaa haijanisumbua kwa ujumbe hata mmoja."

Akachukua sindano. Kwenye benchi lililokuwa limejaa asubuhi, walibaki akina mama wawili.