Karatasi Iliyofungia Vidonge

Mama muuza dawa alikuwa na mazoea ya kufungia vidonge vya rejareja kwa karatasi za maelezo zilizotoka kwenye maboksi. Hakuwahi kusoma hata moja. Leo msusi wa jirani alimrudishia karatasi aliyofungiwa dawa za kichwa; ilikuwa ya boksi la vidonge vingine.

"Jana ulininyima kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ukasema kinatoa mimba. Mbona karatasi yako mwenyewe inakuumbua?"

Mama akavaa miwani, akasoma. Kidonge hiki huchelewesha yai, mimba isitunge. Iliyokwisha kutunga hakiitoi; dawa za kuitoa ni nyingine kabisa.

Kidole chake kilifuata mstari uleule mara tatu.

"Mama, umeganda? Nipe basi, muda unanipita."

Alimpa. Lakini machoni pake aliyesimama kaunta hakuwa msusi, alikuwa binti wa dada yake, kama alivyokuja mwaka juzi, asubuhi, kuomba kidonge hichohicho. "Mama mdogo, ni jana tu." Naye akamfukuza: "Duka hili haliui watoto." Baada ya miezi mitatu walimzika; alikuwa amekunywa dawa ya mizizi ya uchochoroni kuitoa mimba iliyotunga.

Dada yake haachi kuuliza kama binti hakuja hata kwake dukani kuomba msaada, naye humjibu kwa kulia tu.

Akachukua simu. Dada alipoitika, akasema, "Alikuja."